Sura na Mwenye Sura: Waigizaji wa Jukwaani katika Kadi za Sigara za Marekani, 1880–1910

Utangulizi

Kadi ya sigara ilikuwa kipande cha karatasi ngumu chenye urefu wa sentimita 7 hivi na upana usiofika sentimita 4. Kazi yake ya awali haikuwa kupendeza. Sigara za Marekani za miaka ya 1870 zilifungwa katika karatasi laini, na kipande hicho kilitiwa ndani ya paketi ili sigara zisipondeke mfukoni. Haukupita muda mrefu kabla wenye viwanda hawajatambua kwamba upande mmoja wa kadi waweza kubeba picha, na upande wa pili ukabeba jina la kiwanda pamoja na orodha ya picha nyingine ambazo mvutaji alikuwa bado hajazipata. Kufikia katikati ya miaka ya 1880, kile kilichokuwa kigumishi cha paketi kilikuwa kimekwisha geuka kuwa tangazo, zawadi na kitu cha kukusanywa, yote hayo kwa wakati mmoja.

Picha zilizochapwa katika kadi hizo zilikuwa za namna nyingi: ndege na samaki, bendera za mataifa, majemadari, wapiga ngumi, wachezaji wa besiboli. Miongoni mwa makundi yaliyotolewa kwa wingi sana ni waigizaji na waimbaji wa jukwaani, na hasa wanawake. Mara nyingi kadi hizi huzungumzwa kwa ajili ya bei yake mnadani au kwa ajili ya uzuri wa uchapaji wake. Makala haya yanazitazama kwa njia nyingine. Yanakusudia kuuliza picha ya mwigizaji iliyomo ndani ya paketi ya sigara ilikuwa mali ya nani, na mwigizaji mwenyewe alikuwa na kauli gani juu yake.

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba kadi ya sigara ilitenganisha sura na mwenye sura. Jukwaani, mtazamaji hawezi kumwona mwigizaji isipokuwa mwigizaji mwenyewe awepo, avae, aseme na aimbe. Katika kadi, sura ilisafiri peke yake, ikanyamazishwa, ikauza kitu ambacho mwenyewe huenda hakukijua. Utengano huo ulizua migogoro ya sheria na ya maadili ambayo haijamalizika hata leo, na ndio unaomlazimu mtafiti wa historia ya maonyesho azitumie kadi hizi kwa hadhari.

Picha za waigizaji kabla ya sigara

Itakuwa kosa kudhani kwamba ni wafanyabiashara wa tumbaku waliobuni mapenzi ya watu kwa picha za waigizaji. Mwaka 1854, mpiga picha André Disdéri wa Paris alisajili njia ya kupiga picha kadhaa ndogo katika kioo kimoja, na hivyo kuishusha bei ya kila nakala. Picha hizo ndogo, zilizobandikwa juu ya karatasi ngumu, zilienea Ulaya na Marekani katika miaka ya 1860. Watu walizitia katika albamu, wakachanganya jamaa zao na wafalme, majemadari na waigizaji. Tangu hapo ikawa jambo la kawaida kwa mtu asiyewahi kuingia katika jumba la maonyesho kuwa na sura ya mwigizaji mashuhuri sebuleni kwake.

Katika jiji la New York biashara hiyo ilitawaliwa na Napoleon Sarony (1821–1896), ambaye studio yake ilipiga picha za waigizaji kwa maelfu. Sarony aliwalipa waigizaji wakubwa ili awe yeye peke yake mwenye haki ya kuuza picha zao. Inatajwa kwamba alimlipa Sarah Bernhardt dola 1,500 mwaka 1880, na baadaye akamlipa Lillie Langtry dola 5,000. Yafaa mambo mawili yazingatiwe hapa. La kwanza ni kwamba sura ya mwigizaji ilikuwa tayari na thamani ya fedha. La pili ni kwamba malipo hayo yaliwafikia wachache waliokuwa na jina kubwa. Mwigizaji mdogo aliyekuwa akitafuta kujulikana aliishukuru studio kwa kumpiga picha, na picha hiyo ikaenda ilikokwenda.

Mashine na haja ya tangazo

Waswahili husema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sigara iliyotengenezwa kwa mashine ilikuwa bidhaa iliyobidi kutembezwa, wala si kwa sababu ya ubaya wake tu, bali kwa sababu ya wingi wake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880 sigara zilisokotwa kwa mkono. Katika viwanda vya Richmond, Virginia, kazi hiyo ilifanywa zaidi na wasichana, na hata msokotaji hodari hakuzidi sigara 3,000 hivi kwa siku. Mwaka 1881 James Bonsack wa Virginia alipewa hataza ya mashine iliyoweza kutoa sigara 120,000 hivi kwa saa kumi. Kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, iliyokuwa imeahidi zawadi ya dola 75,000 kwa atakayebuni mashine inayofaa, haikuikubali. Aliyeikubali ni James Buchanan Duke wa Durham, North Carolina, ambaye katikati ya miaka hiyo aliitia kiwandani kwake kwa mkataba uliompa nafuu kuliko washindani wake.

Mashine ilitatua tatizo la kutengeneza, ikaleta tatizo la kuuza. Wamarekani wengi wa wakati huo walitafuna tumbaku, au walivuta kiko na biri kubwa. Sigara ilionekana kuwa kitu cha vijana na wageni wa mijini. Aidha, sigara za kampuni moja hazikutofautiana sana na za kampuni nyingine. Ilibidi basi tofauti itafutwe nje ya tumbaku yenyewe, yaani katika jina, katika paketi, na katika kile kilichotiwa ndani ya paketi. Mwaka 1889 peke yake, Duke alitumia kiasi cha dola 800,000 kwa matangazo, kiasi ambacho kwa siku hizo kiliwashangaza hata wafanyabiashara wenzake.

Jukwaa lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutumiwa. Mwaka 1884 wakala wa Duke katika mji wa Atlanta, Edward Featherston Small, alimwomba Rhea, mwigizaji kutoka Ulaya aliyekuwa akionyesha michezo mjini humo, ruhusa ya kutumia picha yake katika tangazo la sigara. Ruhusa ilitolewa, na mwigizaji akaonekana akiwa ameshika paketi mkononi. Tukio hilo ni dogo, lakini lina uzito katika mjadala huu kwa kuwa mwenye sura aliulizwa, akakubali. Kadi zilizofuata hazikuwa na haja ya kumwuliza mtu. Wachapaji walinunua picha kutoka studio, wakazinakili kwa litografia ya rangi au wakabandika picha yenyewe juu ya karatasi, na kazi ikaendelea kwa mamia ya sura. Kampuni ya Kinney ya New York ilitoa waigizaji wa kike katika sigara zake za Sweet Caporal; Allen & Ginter wakawatia katika Virginia Brights; Duke naye akawatia katika Cross Cut.

Maandishi ya nyuma ya kadi yanastahili kuangaliwa na wanaisimu. Ni maandishi machache, lakini yamepangwa kwa makusudi. Jina la kampuni huwa kubwa kuliko jina la mwigizaji. Aghalabu husemwa kwamba kila paketi ya sigara kumi ina kadi moja, na kwamba kadi ni za mfululizo wa picha 25 au 50. Lugha hiyo haimsifu mtu wala haiisifu tumbaku. Humkumbusha mnunuzi upungufu wake. Aliyekwisha pata picha kumi huambiwa kwamba bado arobaini. Hivyo sura ya mwigizaji iliwekwa katika hesabu, ikawa namba inayotafutwa ili pengo lizibwe.

Jukwaa lililochaguliwa

Mtu akizisoma kadi hizi kana kwamba ni kioo cha jukwaa la Marekani, atapotoka. Jukwaa la miaka hiyo lilikuwa na tamthilia za Shakespeare, michezo ya huzuni, opera, vichekesho, na maonyesho ya kila aina. Kadi ziliegemea zaidi upande mmoja, yaani opera za kuchekesha na burleski, ambayo ilikuwa michezo ya nyimbo, ngoma na dhihaka. Upande huo ulikuwa umepata nguvu tangu mwaka 1866, mchezo wa *The Black Crook* ulipoanza katika jumba la Niblo's Garden, New York, na kuonyeshwa zaidi ya mara 400. Miaka miwili baadaye Lydia Thompson alifika kutoka Uingereza na kundi lake la wanawake walioigiza nafasi za wanaume. Vazi la maonyesho hayo lilikuwa soksi ndefu zinazobana miguu hadi kiunoni, katika zama ambazo mwanamke wa heshima hakuruhusiwa kuonyesha hata kifundo cha mguu.

Jukwaani, vazi hilo lilikuwa na maana yake. Mwanamke aliyevaa kama mwanamfalme au baharia alikuwa akicheza nafasi fulani, akisema maneno ya kejeli, akiwacheka wanaume mbele ya macho yao. Baadhi ya wahubiri na wahakiki walichukizwa na ulimi wake kama walivyochukizwa na miguu yake. Katika kadi, nafasi iliondoka, maneno yakaondoka, kejeli ikaondoka, ikabaki miguu. Kadi nyingi hazitaji jina la mchezo wala la nafasi. Nyingine hutaja jina la ukoo tu, likitanguliwa na Miss, na nyingine hazitaji jina lolote, hivi kwamba waandaaji wa orodha za makumbusho hulazimika kumweleza mwigizaji kwa vazi alilovaa au kwa namna alivyosimama.

Ulinganisho mmoja unatosha kulithibitisha jambo hili. Mwaka 1887 Allen & Ginter walitoa mfululizo wa kadi 50 za mabingwa wa dunia, «World's Champions», na nyuma ya kila kadi wakaorodhesha mabingwa wote kwa kufuata ustadi wao. Annie Oakley, aliyekuwa akifanya maonyesho ya kulenga shabaha katika kundi la Buffalo Bill, yumo katika mfululizo huo. Naye alikuwa mtumbuizaji aliyeishi kwa tiketi za watazamaji. Lakini katika kadi yake ametajwa kwa jina lake kamili, akawekwa katika fungu la walenga shabaha pamoja na wanaume wa fani hiyo. Mwimbaji wa opera, aliyejifunza sauti kwa miaka mingi, angeweza kutokea katika kadi nyingine ya kampuni hiyo hiyo bila neno hata moja juu ya sauti yake. Tofauti hiyo haikutokana na uwezo wa picha. Ilitokana na kile ambacho muuzaji aliamua kwamba mnunuzi anakitaka.

Hata miongoni mwa wenye viwanda kulikuwa na waliofadhaika. Mwaka 1894 Washington Duke, baba yake James na Mmethodisti wa dhati, alimwandikia mwanawe akimsihi aache kutia picha za wanawake wa namna hiyo katika paketi, baada ya mchungaji mmoja kumlalamikia. Mzee huyo aliona kwamba picha hizo zinaharibu vijana na kuupa nguvu upinzani dhidi ya sigara. Inafaa ieleweke kwamba lalamiko lake lilihusu vijana wanaotazama. Wanawake waliotazamwa hawakutajwa kama watu wenye lalamiko lao wenyewe. Katika hilo, mchungaji na mfanyabiashara walikuwa na mtazamo mmoja ingawa walipingana.

Picha mbele ya sheria

Mwaka 1882 Oscar Wilde aliwasili New York kwa ziara ya mihadhara iliyoandaliwa na Richard D'Oyly Carte, mwenye opera ya *Patience* ya Gilbert na Sullivan, ambayo iliwadhihaki watu wa madhehebu ya sanaa aliyoyafuata Wilde. Wilde hakuwa mwigizaji, lakini ziara hiyo ilimfanya kuwa kivutio cha jukwaa kama mwigizaji yeyote. Sarony alimpiga picha. Kampuni ya litografia ya Burrow-Giles ikaichapa mojawapo ya picha hizo nakala 85,000 bila idhini ya Sarony. Sarony alishtaki, na mwezi Machi 1884 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba picha iliyopigwa kwa kamera inaweza kulindwa na hakimiliki, kwa sababu mpiga picha ndiye aliyempanga aliyepigwa, akachagua vazi, mwanga na mkao.

Uamuzi huo husifiwa, na kwa haki, kuwa ndio ulioitambua picha kama kazi ya sanaa. Hata hivyo una upande wa pili ambao haukosi kumgusa msomaji wa kadi za sigara. Kama mtunzi wa picha ni yule aliyepanga mkao, basi aliyekaa mkao huo ni sehemu ya vifaa, sawa na pazia na kiti. Mwigizaji ambaye kazi yake yote ni kukaa mkao, kupanga uso na kuvaa tabia ya mtu mwingine, alihesabiwa kuwa hakuchangia kitu katika picha yake mwenyewe. Tangu hapo mchapaji mwangalifu alijua kwamba inampasa kupatana na studio. Mwigizaji hakuingia katika mapatano hayo.

Pingamizi la kwanza lenye sauti lilitoka jukwaani. Mwezi Juni 1890 Marion Manola, mwimbaji wa opera za kuchekesha, alikwenda mahakamani New York. Alikuwa akiigiza katika Broadway Theatre, katika nafasi iliyomtaka avae soksi za kubana, na akapigwa picha kwa siri kutoka katika mojawapo ya vyumba vya watazamaji, kwa taa ya kumulika ghafla, na mpiga picha aliyeshirikiana na meneja wa kundi lake. Manola hakukataa kuvaa vazi hilo mbele ya watazamaji. Alikuwa akilivaa kila usiku. Alichokataa ni picha. Mahakama iliizuia picha hiyo isitumiwe, na kwa kuwa hakuna aliyefika kupinga, zuio likawa la kudumu. Mwezi Desemba mwaka huo huo Samuel Warren na Louis Brandeis walichapisha katika jarida la sheria la Harvard makala yao maarufu juu ya haki ya faragha, na wakaitaja kesi ya Manola.

Ni jambo la kuzingatia kwamba mwanzoni mwa mwaka huo wa 1890 ndipo kampuni tano kubwa za sigara, yaani Duke, Allen & Ginter, Kinney, Kimball na Goodwin, zilipoungana kuwa American Tobacco Company, zikaishika takriban biashara yote ya sigara nchini. Wakati mwigizaji mmoja alipokuwa akidai amri juu ya picha moja, picha za wenzake kwa mamia zilikuwa zimekusanyika chini ya paa moja.

Haki aliyoidai Manola haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1902 mahakama ya rufani ya New York ilikataa dai la msichana mmoja wa Rochester ambaye picha yake ilitumiwa kuuza unga katika nakala 25,000 bila ridhaa yake. Watu walikasirika mno, na mwaka 1903 bunge la jimbo hilo likapitisha sheria iliyokataza kutumia jina au picha ya mtu aliye hai kwa ajili ya tangazo au biashara bila idhini yake ya maandishi. Sheria hiyo ilikuja baada ya zama kuu za kadi za waigizaji wa kike kupita. Waliokwisha chapwa walibaki wamechapwa.

Williams, Walker na Overton

Hadi hapa mjadala umehusu waigizaji wa kizungu. Suala la sura na mwenye sura linakuwa zito zaidi tunapowageukia waigizaji weusi wa Marekani, kwa kuwa kwao sura ilikuwa imekwisha ibwa kabla ya kamera. Tangu miaka ya 1830 wazungu waliojipaka masizi usoni walipanda jukwaani kuwaigiza watu weusi kwa dhihaka, na maonyesho hayo yakawa miongoni mwa yaliyopendwa sana nchini. Mwigizaji mweusi alipopanda jukwaani baada ya utumwa kukomeshwa, alimkuta mtu mwingine amekwisha simama hapo kwa jina lake.

Bert Williams (1874–1922), mzaliwa wa Nassau katika visiwa vya Bahama, na George Walker wa Lawrence, Kansas, aliyefariki mwaka 1911, waliunda kundi la watu wawili katika miaka ya 1890. Mwaka 1894, katika maonyesho makubwa ya San Francisco, waliajiriwa kuigiza Wadahomey kwa muda, kwa sababu Waafrika waliotarajiwa walikuwa wamechelewa kufika. Wageni hao walipofika hatimaye, vijana hao wawili walipata nafasi ya kuwaona. Baadaye Walker aliandika kwamba tukio hilo ndilo lililowatia nia ya kuitafuta Afrika katika kazi yao. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890 walijulikana kote New York kwa ngoma ya keki, ambayo asili yake inasemekana kuwa ni watumwa kuiga kwa kejeli mwendo wa mabwana zao.

Wakati huo American Tobacco iliwataka wapigwe picha wakicheza ngoma hiyo kwa ajili ya kadi za tangazo, wakiwa pamoja na wanawake wawili, Stella Wiley na Aida Overton. Kwa kampuni, picha hizo zilikuwa namna nyingine tu ya kuuza tumbaku kwa kichekesho cha watu weusi, na matangazo ya tumbaku ya wakati huo yalijaa vibonzo vya kuwadhalilisha. Lakini tofauti na vibonzo hivyo, hawa walikuwa watu halisi waliovaa nadhifu, waliojua wanachokifanya. Ngoma yenyewe ilikuwa kejeli juu ya mabwana. Mnunuzi aliicheka bila kujua kwamba ni yeye anayechekwa. Isitoshe, kikao hicho cha picha kilizaa tunda ambalo kampuni haikulikusudia: Overton aliingia katika kundi la Williams na Walker, akawa mbunifu wa ngoma zao, na mwaka 1899 akaolewa na Walker.

Kundi hilo ndilo lililotoa *In Dahomey*, iliyoandikwa na Jesse Shipp, kwa muziki wa Will Marion Cook na maneno ya nyimbo ya Paul Laurence Dunbar. Mchezo huo ulionyeshwa Broadway mwezi Februari 1903, ukapelekwa London mwezi Mei, na mwezi Juni ukachezwa mbele ya jamaa ya mfalme katika Buckingham Palace. Ulifuatwa na *Abyssinia* mwaka 1906 na *Bandanna Land* mwaka 1908. Mwaka 1905 Aida Overton Walker aliandika katika jarida la *The Colored American Magazine* akiitetea kazi ya jukwaa kuwa kazi ya heshima kwa wanaume na wanawake weusi. Mumewe alipougua, aliishika nafasi yake katika *Bandanna Land*, akavaa suti ya kiume na kuimba wimbo wake. Mwanamke katika vazi la kiume ndiye aliyekuwa bidhaa ya kadi za miaka ya 1880. Huyu alilivaa kwa hiari yake, katika mchezo wa kundi lake, kwa jina lake mwenyewe.

Haitakuwa sahihi kuimaliza habari hii kwa furaha tupu. Williams aliendelea kujipaka masizi usoni hadi mwisho wa maisha yake, hata baada ya kuingia katika maonyesho ya Ziegfeld mwaka 1910, ambako alikuwa mweusi pekee miongoni mwa waigizaji wakuu. Soko lilimdai sura isiyokuwa yake, naye akailipa deni hilo kila usiku. Hata hivyo maisha ya watu hawa yanaonyesha kwamba mwigizaji hakuwa mtu wa kutendwa tu. Pale alipopata jukwaa lake mwenyewe, aliweza kuikomboa sehemu ya sura yake.

Kuenea na kutoweka

Njia hii ya kuuza haikubaki Marekani. Nchini Uingereza kampuni ya Ogden ya Liverpool ilitoa kadi za picha halisi kwa wingi mkubwa tangu miaka ya 1890, katika sigara zake za Guinea Gold, na waigizaji wa kike walikuwemo sambamba na majemadari wa vita vya Makaburu. Mwaka 1901 Duke aliinunua Ogden, na kampuni kumi na tatu za Uingereza zikaungana kuwa Imperial Tobacco ili kumkabili. Mwaka uliofuata pande hizo mbili zilipatana, zikaunda British American Tobacco kwa ajili ya masoko ya nje. Kampuni hiyo ndiyo iliyoanza biashara nchini Kenya mwaka 1907. Hivyo sigara iliyouzwa Mombasa na Nairobi ilitoka katika ukoo ule ule wa biashara uliokuwa umejifunza Marekani kwamba tumbaku huuzwa kwa kitu kisichokuwa tumbaku.

Kadi zenyewe ziliendelea Uingereza hadi ukosefu wa karatasi ulipozisimamisha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zikarudi miaka ya 1920, na kukoma tena mwaka 1940 kwa sababu ya vita vya pili. Katika kipindi hicho cha baadaye jukwaa lilianza kumezwa na sinema. Kampuni ya John Player ilitoa wahusika wa Gilbert na Sullivan mwaka 1925 na 1927, lakini mwaka 1928 Wills wakatoa nyota wa sinema, na huko ndiko macho ya wakusanyaji yalikoelekea.

Kwamba kadi za awali zingalipo ni kwa juhudi za watu wachache. Jefferson Burdick (1900–1963), mfanyakazi wa kiwandani wa Syracuse, New York, aliyesumbuliwa na ugonjwa wa viungo kwa miaka mingi, alikusanya zaidi ya vipande 300,000 vya karatasi za biashara. Alivipangia namba, na kadi za tumbaku za karne ya 19 akazipa herufi N, mpango unaofuatwa hadi leo. Tangu mwaka 1947 alianza kuukabidhi mkusanyo wake kwa Metropolitan Museum of Art, akawa anavibandika vipande hivyo mwenyewe katika albamu. Aliimaliza kazi hiyo mwezi Januari 1963, akafariki miezi miwili baadaye.

Hitimisho

Kwa mwanahistoria wa maonyesho, kadi ya sigara ni hati yenye faida na yenye hatari. Faida yake ni kwamba imehifadhi sura za mamia ya waigizaji ambao vitabu vya tamthilia haviwataji: waimbaji wa nyuma, wacheza ngoma, wanawake wa makundi yaliyozunguka miji midogo. Hatari yake ni kwamba imewahifadhi kama chambo. Anayetaka kujua waliimba nini, walisema nini na walilipwa kiasi gani hana budi kutoka nje ya kadi, aende kwenye magazeti ya siku hizo, matangazo ya majumba ya maonyesho, mikataba na majalada ya mahakama.

Aidha, ukimya wa kadi ni ushahidi wenyewe. Jina lililoachwa halikuachwa kwa kukosa nafasi, maana nafasi ya jina la kiwanda ilipatikana daima. Lilipoachwa, mnunuzi alifundishwa kwamba si lazima amjue mtu ili aimiliki sura yake. Manola alilikataa fundisho hilo mahakamani. Overton Walker alilikataa kwa kalamu na kwa ngoma. Wengi hawakupata nafasi ya kulikataa. Mwandaaji wa orodha anayemrudishia mmoja wao jina lake kamili, mchezo aliouchezea na mwaka alioucheza, anamrudisha mahali ambapo kadi ilimwondoa.